Bidoni Sita za Mama Yako

Riziki, mama yangu,

Nimekaa mezani tangu saa tisa. Wewe umevuka mto kwenda Alunguli kuagana na rafiki zako, na mama yako yuko uani anamenya karanga zako za safari. Wamesema treni itaondoka kesho asubuhi. Sisi wa Kindu tunajua kwamba "kesho" ya treni ina upana wake, lakini safari hii kichwa cha treni kimeshafika. Nimekwenda kukitazama kwa macho yangu, mara mbili. Kwa hiyo ninaandika leo, kabla hujarudi.

Mambo ya blanketi, vidonge vya malaria na namna ya kulalia mzigo wako ndani ya behewa, mama yako ameshakwambia, na kesho stesheni atakwambia tena mbele ya watu wote. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukujibu neno moja tu ulilosema jana tukiwa tunakula.

Nilikuuliza kazi yenyewe ya Kalemie ni ipi hasa. Ukanieleza vizuri: karakana inafungasha mafuta ya mawese na sabuni ya maji, inauza pia mabomba, na wewe utakuwa unakagua vyombo vya plastiki vinavyoingia, halafu unasaini karatasi kwamba vinafaa. Nikauliza, "Na visipofaa?" Ukacheka. Ukasema, "Baba, mi niko mugeni kule. Mwaka wa kwanza nitasaini tu. Kusema hapana, nitajifunza nikishazoea."

Mama yako akacheka, na mimi nikacheka. Halafu tonge la wali likanikwama, ukanipiga mgongoni na kuniletea maji. Ulidhani ni mwiba wa samaki. Haukuwa mwiba.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa karani wa depo moja kule bandarini. Picha yangu ya wakati ule umeiona: kijana mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, macho kama ya mtu anayesikia jina lake likiitwa naye hataki kuitwa. Usidhani mpiga picha alinishtua. Njo sura yangu ilivyokuwa. Nilikuwa na diploma ya sekondari, nimesoma kemia kidogo, naandika herufi nzuri, na niliogopa kila kitu. Niliogopa askari, niliogopa patron, mkubwa wangu wa kazi, niliogopa hata mlinzi wa mlango, ambaye alikuwa mzee na hakuwa na jambo nami.

Ilikuwa vita. Treni zilikuwa zimesimama, majani yameota katikati ya reli. Boti hazikuja. Kilichoingia mjini kiliingia kwa ndege, na kilichotoka kilitoka kwa ndege. Katika mji wa namna ile, kitu kidogo kinakuwa kikubwa, na kitu kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, ukiacha chumvi, kilikuwa bidoni tupu, madumu yale ya plastiki. Hakuna mpya iliyofika. Watu walishona bidoni zilizopasuka kwa waya wa moto, wakaziba matundu kwa utomvu, wakaziazima kama mtu anavyoazima sufuria za harusi. Nilimwona mwanamke amembeba mtoto mgongoni na bidoni kifuani, na aliyefunikwa asinyeshewe mvua alikuwa bidoni.

Kazi yangu ilikuwa vyombo. Akina mama walileta mawese kutoka Kailo na vijiji vya njiani, wakavuka mto kwa mtumbwi, sisi tukawapa vyombo vya kusafirishia, na mimi nikaandika nani mafuta yake yako wapi. Patron wangu aliitwa Idi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mtu wa haraka wakati wa vita anafanana na mtu mbaya.

Kosa langu la kwanza lilichekesha mji mzima, kwa hiyo naanza na hilo.

Patron alipata magunia ya chupa tupu za maji, zile nyepesi zinazong'aa, zilizoachwa na wageni waliokuja na ndege. Akina mama walizipenda sana. Wekundu wa mawese unaonekana humo kama taa. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti, alifika na sufuria ambayo bado inatoa moshi, akaniuliza, "Karani, naweza kumimina?" Nami, mwenye diploma, nikamjibu, "Mimina, mama. Plastiki ni plastiki."

Riziki, zile chupa zilijikunja. Mbele ya macho yetu zilikunja mabega, zikainamisha shingo, zikakaa chini kama wazee waliochoka kungoja mkutano. Mafuta yakatapakaa sakafuni. Watu wakakimbia na visahani, na vibuyu, na kofia. Yule mama alinitazama, akatazama chupa, akasema, "Eh! Karani, plastiki ni plastiki?" Kwa miezi mingi hilo ndilo lilikuwa jina langu. Nilikuwa napita sokoni, nasikia nyuma yangu, "Plastiki-ni-plastiki, habari ya kazi?"

Aibu ile ilinifaa. Tangu siku ile nilianza kupindua kila chombo na kutazama chini yake, kwenye ile pembetatu ndogo yenye namba. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Namba moja ndiyo zile chupa zinazong'aa: nzuri kwa maji, nzuri kwa mafuta yaliyopoa, lakini moto haziuwezi. Namba mbili ndiyo bidoni zetu, zile nzito zenye rangi ya maziwa au njano, ambazo unaziangusha kutoka kwenye lori zinadunda tu. Namba tano ni mabakuli yenye vifuniko, unamimina uji wa moto hayashtuki. Na magunia ya mchele yaliyofumwa pia ni ndugu zake, lakini yaweke juani msimu mmoja uone. Niliyapanga yangu kwenye jukwaa la stesheni, kwa kuwa depo ilikuwa imejaa, na siku tulipoyanyanyua yalibaki mikononi mwetu kama nywele, mchele ukabaki chini. Namba tatu ni mabomba. Kuna fundi alikata bomba, akaziba mwisho wake, akataka kuuzia mafuta humo. Huyo hata mimi nilimkatalia, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko mimi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, mama. Nilimkatalia kwa sababu alikuwa mdogo kuliko mimi. Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa, wala haikuwa kwenye namba.

Sasa nakuja kwenye bidoni sita.

Unaijua hadithi ya nyumbani kwetu, ile mama yako anayoisimulia wageni wakija: kwamba zamani za vita alipoteza mafuta ya msimu mzima kwa sababu ya joto, ndege ilichelewa, yakachacha ndani ya depo, na kwamba hapo ndipo alipomjua baba yako. Umeisikia tangu utotoni. Hadithi hiyo ina uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu.

Ilitangazwa kwamba ndege itakuja baada ya siku mbili. Mafuta yalikuwa mengi, bidoni zikapungua. Patron Idi akaniambia nilete zile sita zilizokuwa nyuma ya nyumba. Nilizijua. Zilikuwa namba mbili, imara, hazina ufa hata mmoja. Ukizitazama kwa macho zilikuwa nzuri kuliko zote. Lakini zilikuwa zimekaa na benzini ya jenereta karibu mwaka mzima.

Nilimwambia, kwa sauti ndogo, "Patron, hizi zilikuwa za benzini."

Akasema, "Osha."

Niliziosha kwa majivu, kwa sabuni, kwa malimau, kwa maji ya moto, kisha nikazianika juani midomo wazi. Siku ya pili nikanusa. Hakukuwa na harufu, au ilikuwa kidogo sana, kama mtu aliyepita barabarani. Lakini nilijua. Plastiki ile si glasi. Inakunywa. Benzini ilikuwa imeingia ndani ya mwili wa bidoni, na mafuta yakikaa humo yatainyonya itoke polepole. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Pale ndipo nilipoelewa kwamba namba inakwambia chombo kimetengenezwa kwa kitu gani, lakini haikwambii kimebeba nini.

Patron alisimama mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na askari wawili waliokuja kuuliza mzigo utakuwa tayari saa ngapi. Hawakuninyooshea bunduki, nisikudanganye. Mmoja alikuwa anakula ndizi.

"Karani, hizi ziko muzuri?"

Nikasema, "Ziko muzuri, patron."

"Andika: safi. Weka saini."

Nikaandika safi. Herufi zangu zilikuwa nzuri sana siku ile.

Mpaka hapo unaweza kunihurumia, kijana mwoga na askari mlangoni. Lakini kuna kipande kimoja ambacho sijamwambia mtu yeyote. Baada ya kusaini, ilibidi niamue mafuta ya nani yataingia katika zile sita. Hapo hakuna aliyenilazimisha. Patron alikuwa ameshaondoka, na askari pia na ndizi yake. Nilikuwa peke yangu na orodha ya akina mama. Nikapita majina. Yule mama mnene wa chupa? Hapana, atavunja depo kwa sauti. Yule mke wa mwalimu? Hapana, mume wake anajua kuandika barua. Nikafika kwenye jina la msichana mmoja wa Kailo, amekuja mara ya tatu tu, anaongea polepole, anasema "shikamoo" hata kwangu mimi niliyelingana naye. Nikafikiri: huyu hatapiga kelele. Nikaandika jina lake: Feza.

Njo mama yako huyo.

Ndege ilichelewa, hilo ni kweli. Joto lilikuwepo, hilo pia ni kweli. Siku ya tano mnunuzi alikuja kukagua, akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Zile sita akazikataa, zilizobaki akazichukua. Patron akamwita Feza akamwambia, "Mafuta yako yamechacha, binti. Joto."

Feza hakulia. Alifungua kifuniko cha bidoni moja, akakaa nacho mkononi. Kisha akanitazama mimi, si patron. Akaniuliza, "Karani, ni kweli?"

Nikamjibu, "Joto lilikuwa kali."

Ulikuwa msimu mzima wa kazi yake, Riziki. Kukwea, kuchemsha, kukanyaga, kutembea kutoka Kailo kwenye barabara ambayo watu waliogopa hata kuitaja. Nilimsaidia kushusha bidoni hadi mtumbwini. Nilibeba zote sita, mbili mbili, na kila safari nilijiambia nitasema nikifika chini. Mara tatu nilifika chini. Mara tatu nilisema, "Angalia usiteleze."

Nilidhani sitamwona tena. Baada ya wiki tatu alirudi, hana mafuta, ana kapu la sabuni, vipande vikubwa vya rangi ya matofali. Akakaa karibu na mlango wa depo. Nilikwenda kununua kipande ili nipate nafasi ya kusema. Nikanunua, sikusema. Kesho yake nikanunua tena. Mwisho wa mwezi chumba changu kilikuwa na sabuni kuliko kitanda. Rafiki yangu mmoja aliingia akaniuliza, "We, uko na upele?" Mimi nikasema napenda usafi. Feza mwenyewe akaniuliza siku moja, "Karani, nguo zako ni ngapi?" Nikasema, "Mbili." Akacheka mpaka akashika kapu lisianguke, na mimi kwa mara ya kwanza tangu vita vianze nikacheka kwa sauti, barabarani, mchana, askari wakipita.

Mengine unayajua, maana wewe ni sehemu yake. Treni zilirudi, bidoni mpya zikaja, watu wakasahau kushona kwa waya. Mimi nimefanya kazi depo tatu baada ya ile, na kila mahali nilikuwa yule mzee msumbufu anayenusa vifuniko. Vijana wanadhani ni utaalamu. Ni toba.

Kwa hiyo, mama, sikuandikii ili ukawe jasiri. Mimi si jasiri hata leo. Unajua nani huwa anaamka kuhakikisha mlango umefungwa. Nakwambia tu kilichotokea kwangu. Ulisema utajifunza kusema hapana ukishazoea. Mimi nilichozoea ni kule kusema ndiyo. Na nilipoandika ndiyo, haikuishia kwenye karatasi. Ilikwenda kutafuta mtu, na ikamtafuta asiyepiga kelele.

*

Nimerudi. Kuna saa nzima imepita hapa katikati.

Nilipofika kwenye mstari ule wa juu, mama yako aliingia na ungo wa karanga. Akasema, "Uko naandika nini tena? Mutoto anaenda Kalemie, haendi mbinguni." Nilitaka kufunika karatasi kwa mkono. Kisha nikafikiri, ninamwambia mtoto nisichomwambia mwenyewe? Nikamwambia, "Kaa, Feza." Nikamsomea yote, kutoka juu.

Aliendelea kumenya. Nilipomaliza, akasema, "Njo ile tu?"

"Ile tu nini?"

"Siri yenye ulifunga miaka yote. Baba Riziki, mi nilishika kifuniko mbele yako. Pua iko hapa." Akaigusa. "Mawese yaliyochacha hayanuki pikipiki."

"Ulijua?"

"Na ile sabuni unadhani ilitoka wapi? Nilirudi na mafuta yale yale, nikapika na majivu. Sita zote. Ulinunua karibu nusu, wewe muenye uliyaharibu. Shati lako la kuja kuniposa lilikuwa linanuka benzini, baba yangu akaniuliza kama mchumba ni dereva."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuuliza. Nilikuuliza pale pale: ni kweli? Nikangoja."

Nilidhani limekwisha. Lakini aliacha kumenya, akaweka mikono juu ya ungo. Akasema, "Kile cha orodha, hicho sikukijua. Kwamba ulipita majina."

Nilisikia kuku uani. Katika miaka yote ya vita sikuogopa kama nilivyoogopa hapo. Nikamwambia, "Nisamehe, Feza." Lilikuwa neno dogo kuliko nilivyodhani, lakini lilikuwa zito kulitoa.

Akanitazama sana. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja, unajua vile. "Mimi," akasema, "mimi njo uliona ni muntu asiyepiga kelele?" Akaanza kucheka, karanga zikaruka. "Karani, hata kwenye watu ulisoma namba vibaya!" Amecheka mpaka jirani ameuliza ng'ambo ya ua kuna nini. Anasema niandike hivi, kwa maneno yake: "Mwambie asiogope kuchelewa kujibu, lakini asichelewe kama baba yake."

Kisha akatoka, akarudi na bidoni. Ni ile ya bluu uliyoinunua wewe mwenyewe wiki iliyopita kwa ajili ya mawese ya shangazi yako wa Kongolo, ile uliyoambiwa ni mpya, ukaipangusa mpaka inang'aa. Akaiweka mbele yangu juu ya meza, akasimama wima kama patron, mikono kiunoni.

"Karani. Hii iko muzuri?"

Nikaipindua. Namba mbili. Haina ufa. Nikafungua, nikanusa, nikafunga. Nikaiweka mlangoni kwenye jua la jioni, nikangoja kidogo, nikanusa tena. Harufu ilikuwepo, kidogo sana, kama mtu aliyepita barabarani. Nilijua umeichagua kwa furaha, na kwamba ulijivunia.

Nikasema, "Hapana."

Kwa hiyo kesho asubuhi usishangae ukikuta mafuta ya shangazi yako yamo kwenye ile bidoni yetu mbaya ya njano, yenye mpini uliofungwa kamba. Ya bluu iko nyuma ya mlango, imefungwa. Usichukue neno langu. Ifungue mwenyewe, unuse, kisha uje uniambie.

Baba yako